Goreth Aliyeondoka Shively Mchana

Kwenye kwaya yetu ya Kiswahili hapa Buffalo mimi husimama kushoto kwa Goreth, sauti ya pili. Kwa hiyo ndiye mtu ninayemsikia kuliko wote, na naweza kusema bila kumsingizia kwamba anaimba vizuri na anacheka vibaya. Anacheka kwa sauti kubwa, anainama, anashika bega la aliye karibu, na aliye karibu mara nyingi ni mimi. Mwalimu wa kwaya amemwonya hata akachoka. Haya ninayoandika alinisimulia mwenyewe, mengine jikoni kwake tukimenya ndizi, mengine garini tukitoka mazoezini. Ya mwisho niliyaona kwa macho yangu.

Alizaliwa katika kambi ya Mtabila, mkoani Kigoma, wazazi wake wakiwa wakimbizi kutoka Burundi. Baba alifariki Goreth akiwa bado anabebwa mgongoni. Mama alimfuata miaka michache baadaye, na mtoto akachukuliwa na Yudita, binamu ya baba yake, ambaye Goreth alimwita shangazi. Yudita alikuwa ameolewa na seremala mmoja mpole, jina lake Dionizi, na walikuwa na watoto watatu, mkubwa wao msichana aitwaye Ganza. Kambi ilipofungwa walihamishiwa Nyarugusu, na huko ndiko jina la familia lilikotokea kwenye ubao wa majina ya wanaokwenda Marekani. Goreth alikuwa ndani ya faili lao. Februari 2016, akiwa na miaka kumi na saba, walitua Louisville, Kentucky, wakapewa nyumba Shively, pembeni ya mji, yenye vyumba viwili vya kulala na chumba cha chini ya ardhi chenye mashine ya kufulia. Goreth akatandikiwa godoro pembeni ya ile mashine.

Kambini Yudita hakuwa mtu mbaya. Goreth hulisisitiza hilo kila mara, hata pale msikilizaji asipotaka kulisikia. Alikuwa mkali kama wanawake wengi wa pale, lakini alikuwa akigawa chakula sawasawa na akimsuka Goreth nywele Jumamosi. Shively ndiko alikobadilika. Alipata kazi ya kufunga mizigo ghalani, chini ya msimamizi mdogo kwake kwa miaka mingi aliyekuwa akimpigia makofi ili aharakishe. Dionizi alikuwa akifanya zamu ya usiku kwenye kiwanda cha nyama, akirudi asubuhi amechoka, hana neno la kumwambia mtu. Watoto wakaanza kujibu kwa Kiingereza. Yudita akawa mtu asiyesikilizwa popote, isipokuwa na mmoja tu, yule aliyelala chini penye mashine.

Mwaka wa kwanza Goreth alikwenda shule, na aliipenda. Siku alipotimiza miaka kumi na minane, Yudita alimwambia akiwa anakaanga vitunguu, bila kugeuka, "Shule imekwisha. Wewe sasa ni mtu mzima, na nyumba hii inahitaji mikono."

Mikono ilikuwa ya Goreth. Aliamka saa kumi na moja alfajiri akapika uji, akawavalisha watoto, akafua, akapiga deki, akapika cha mchana na cha jioni. Kisha Yudita akatangaza kanisani kwamba anapokea watoto wa watu wakati wazazi wapo kazini. Yeye alikuwa anapokea, Goreth ndiye aliyekuwa analea. Hakupewa hata senti, na hakuruhusiwa kutoka peke yake. Grini kadi yake, yaani kibali cha kuishi Marekani, na kadi ya sosho ya kuombea kazi zilikaa kwenye sanduku la bati la Yudita, lenye kufuli, uvunguni mwa kitanda.

Haya yote angeweza kuyavumilia, anasema, kama isingekuwa wivu.

Ulianza na maharage. Jumapili moja Dionizi alikula, akaongeza, kisha akauliza, "Nani kapika?" Hakuuliza kitu kingine. Lakini Yudita aliweka kijiko chini na kumtazama mumewe, halafu Goreth, halafu tena mumewe, na tangu siku ile macho yake hayakupumzika. Dionizi akipita jikoni, Yudita anamfuata. Goreth akivaa gauni linalomkaa vizuri, kesho yake gauni halionekani. Akaambiwa asile mezani, ale kule chini, amesimama, baada ya wote kushiba. Ganza, aliyekuwa na miaka kumi, alipokosea siku moja akamwita Goreth "mama," Yudita hakumpiga Ganza, alimpiga Goreth.

Na Dionizi hakuwa na nia yoyote na binti yule. Goreth anaapa, na mimi namwamini. Alimtazama kama mtu anavyomtazama mwanawe, kisha akaogopa hata kumtazama hivyo. Alikuwa anainamisha kichwa juu ya sahani yake wakati mkewe anafoka, na Goreth alikuja kukijua kipara chake kuliko uso wake.

Pasaka ya mwaka 2019, mama mmoja alimsifu Goreth nywele zake mlangoni mwa kanisa. Alisema tu, "Jamani, nywele hizi!" Walipofika nyumbani Yudita alimketisha kwenye ndoo iliyopinduliwa na kumnyoa kwa mkasi wa kukatia samaki, vibaya makusudi, huku na kule, hata ngozi ikatoka damu. "Tuone sasa nani atakusifu," alisema.

Wiki chache baadaye Ganza alimwonyesha Goreth video ya mbuzi anayeruka ukuta na kuanguka. Goreth akacheka. Dionizi alikuwa anapita sebuleni na taulo begani, na naye akatabasamu, kwa sababu kicheko cha Goreth kinaambukiza hata leo. Yudita alikuwa jikoni. "Unamchekea nani?" aliuliza. Goreth hakuwahi kujibu. Sufuria ya uji ilikuwa mkononi mwa Yudita, na uji wote ukaishia kwenye mkono wa kushoto wa binti. Alama ipo hadi sasa, kuanzia kwenye kifundo hadi karibu na kiwiko.

Mtu wa kwanza kuuona mkono ule, mbali na watu wa nyumba ile, ni Spés. Spés alikuwa Mkongomani kutoka Uvira, mjane, mwenye mwili mkubwa na sauti kubwa zaidi, na mwanawe Enoki alikuwa mmoja wa watoto wale waliolelewa. Asubuhi hiyo alimshusha Enoki, akamwona Goreth amefunga kitambaa mkononi na kingine kichwani, na hakuondoka.

"Bon, Goreth," alisema, "niambie ukweli. Huu mukono uliunguwa namna gani?"

"Niliteleza, mama."

"Uliteleza. Na nywele nayo iliteleza?"

Goreth akaanza kulia, kimya kimya, Enoki akimshika sketi. Spés alimfungulia kitambaa, akautazama mkono, akaufunga tena polepole.

"Nisikilize muzuri. Siku ya Mungu, ingine juma, miye nahamia Columbus. Niko na dada kule, kazi iko. Gari yangu iko na nafasi. Weye uko mutu mukubwa, una miaka makumi mbili. Hakuna mwenye anaweza kukukataza."

"Karatasi zangu ziko kwake."

"Donc, uombe karatasi zako," alisema Spés, kana kwamba ni kuomba chumvi.

Goreth aliiwaza sentensi hiyo siku tisa. Alipanga kutoroka alfajiri, akapanga kuvunja kufuli watu wakiwa kazini, na kila mpango ulimtia aibu. Kwa nini aibe kilicho chake? Ilipofika Jumamosi alikuwa ameamua. Angeomba, mchana kweupe, mbele ya wote.

Jumapili ile ya Juni, Siku ya Mungu aliyoitaja Spés, walikuwa mezani baada ya misa. Goreth alipanda ngazi kutoka kule chini, amevaa gauni lake la kanisani, mfuko wa plastiki mkononi wenye nguo chache. Nje, gari la Spés lilikuwa limesimama na kochi limefungwa juu kwa kamba.

"Shangazi," alisema, "naondoka leo. Naomba karatasi zangu."

Yudita alitafuna, akameza. "Karatasi gani? Umekuja hapa kwa karatasi zangu. Bila mimi ungekuwa unachota maji Nyarugusu."

"Ninashukuru kwa kuletwa. Naomba karatasi zangu."

"Rudi chini."

"Hapana, shangazi."

Anasema neno lile, hapana, lilimshangaza yeye kuliko walivyoshangaa wao. Yudita akasimama, kiti kikaanguka. Na hapo Dionizi, ambaye kwa miaka mitatu alikuwa kipara tu, aliweka uma chini na kwenda chumbani. Wakasikia sanduku likiburutwa. Kisha wakasikia nyundo, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Seremala hahitaji zaidi ya hapo. Akarudi na bahasha ya kaki.

"Kwa hiyo ni kweli!" Yudita alipiga kelele. "Unamtetea hawara yako mbele ya wanangu!"

"Ninamrudishia mtu vitu vyake," Dionizi alisema. Akamkabidhi Goreth bahasha kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mkubwa wake kitu. "Nimechelewa, mwanangu. Nenda."

Ganza alimkimbilia mlangoni akamkumbatia kiunoni, na Spés, aliyeona yote kupitia dirisha, akapiga honi ndefu ya furaha iliyowatoa majirani nje.

Baada ya saa moja na nusu ya kwenda kaskazini walivuka daraja penye mji wa Cincinnati. Chini kulikuwa na mto mpana wa rangi ya chai ya maziwa. Spés akasema, "Njo Ohio hiyo. Kentucky imebaki nyuma." Goreth aligeuka kutazama, na kochi lile lililokuwa juu likateleza likaziba dirisha lote la nyuma. Spés akapiga kelele, Enoki akaamka akapiga kelele naye, na Goreth akacheka mpaka kifua kikamuuma. Walisimama pembeni ya barabara wakalifunga kochi upya, na Goreth, mwenye mkono mmoja mzima, ndiye aliyekaza fundo.

Columbus alikaa miaka miwili. Mwanzoni alilala kwenye kochi lile lile, akafanya kazi ya kupanga viatu kwenye ghala, akasoma jioni hadi akapata cheti cha sekondari. Kwa mshahara wake wa kwanza alinunua kitanda. Spés alimlazimisha kwenda kwa daktari kwa ajili ya mkono, na kwa mama mmoja wa ofisi ya kusaidia wakimbizi kwa ajili ya yale mengine. Mama yule alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia kwamba jambo alilofanyiwa lina jina katika sheria na kwamba akitaka anaweza kushtaki. Goreth alilifikiria kwa mwezi mzima. Mwishowe hakushtaki, kwa ajili ya Ganza na wadogo zake, lakini anasema kujua kwamba angeweza kulimsaidia alale usingizi. Nywele zikarudi, nyingi kuliko za kwanza.

Huko ndiko alikokutana na Byamungu. Kwaya yetu ya Buffalo ilialikwa Columbus kwenye tamasha la kwaya za Kiswahili, na Byamungu alikuwa besi wetu, kijana mrefu wa Bukavu mwenye adabu ya kupita kiasi. Kwenye foleni ya chakula alijitambulisha.

"Miye Byamungu. Niko natumika Lackawanna, ku usine ya vyuma."

Sasa, kwa Mkongomani usine ni kiwanda, na kutumika ni kufanya kazi. Kwa Goreth, aliyekulia Kigoma, kutumika ni kutumiwa na mtu.

"Pole," Goreth alisema kwa dhati. "Nani anakutumia?"

"Nani? Ni patron, kweli."

"Na unakubali?"

"Juu ya nini nisikubali? Niko napenda kutumika! Siku ya Posho nayo ninatumika."

Goreth alimtazama kijana huyu anayetumika hata Jumamosi, mwenye bahati mbaya na macho ya upole, akaamua amwokoe. Akamweleza kwamba ana haki zake, kwamba aombe karatasi zake, kwamba Columbus kuna mama anayesikiliza. Byamungu alisikiliza yote, sahani mkononi, hadi akaelewa, na alipoelewa hakumcheka. Alimfafanulia neno lile polepole. Goreth ndiye aliyecheka, akainama, akashika bega la aliye karibu. Safari hiyo aliyekuwa karibu alikuwa Byamungu, na wali wake ukamwagika kwenye viatu vyake vya tamasha.

Mwaka uliofuata Goreth alihamia Buffalo. Alisema ni kwa sababu ya kozi ya kutunza wazee. Spés alimwambia asimfanye mtoto.

Alipanga chumba mtaa wa Lower West Side, akamaliza kozi, akapata kazi ya kuwahudumia wazee majumbani mwao. Mzee wake wa kwanza, na ambaye hajamwacha hadi leo, ni Bi Ernestine, Mmarekani mweusi wa miaka themanini na mbili, mwalimu mstaafu, mwenye macho yaliyofifia na ulimi usiofifia. Wiki ya kwanza Goreth alianza kufua mapazia bila kuambiwa, kisha akapiga deki jikoni, kisha akala mkate wake amesimama kando ya sinki.

"Wewe binti," Bi Ernestine alisema, "kuna viti sita katika nyumba hii. Una ugomvi na vyote?"

Goreth akaketi. Ilimchukua kama mwezi kuzoea.

Bi Ernestine alipogundua kwamba Goreth anataka kuboresha Kiingereza chake, alimwagiza atoe folda kwenye kabati. Ndani yake mlikuwa na kurasa kumi na moja zilizopigwa chapa na shangazi wa Bi Ernestine, akinakili maneno ya bibi mmoja wa ukoo wao, aliyeitwa Dorcas. Dorcas alizaliwa mtumwa huko Kentucky, na uzeeni, akiwa Buffalo, alikaa na shangazi huyo, mjukuu wake, akamsimulia maisha yake. "Nisomee," Bi Ernestine alisema. "Mimi siyaoni tena, na wewe utajifunza maneno ambayo hawayafundishi darasani."

Basi wakawa wanasoma kila mchana, baada ya dawa, nusu ukurasa. Dorcas alieleza shamba, akaeleza jiko. Kisha akamweleza bibi mwenye nyumba. Bwana alikuwa amesifu mkate wa Dorcas mbele ya wageni, na tangu siku hiyo bibi akawa anamfuata jikoni kama kivuli. Alimnyima kiti. Akamtuhumu mambo na mumewe ambayo Dorcas, mtoto wa miaka kumi na sita, hata hakuyaelewa. Siku wageni waliposifu nywele zake, bibi alizikata kwa mkasi wa kunyolea kondoo.

Goreth aliacha kusoma.

"Neno gumu?" aliuliza Bi Ernestine.

"Hapana. Namjua mwanamke huyu."

"Haiwezekani. Alikufa kabla babu yangu hajazaliwa."

"Hakufa. Yuko Shively."

Bi Ernestine akanyoosha mkono. Goreth akauweka mkono wake wa kushoto pale, na mwanamke yule asiyeona vizuri akaupitishia vidole kuanzia kwenye kifundo hadi karibu na kiwiko, bila haraka. Mchana ule Goreth alisimulia yote, kwa Kiingereza chake cha kuvunjikavunjika, na aliposhindwa kupata neno, Bi Ernestine alimpa. Alipofika kwenye nyundo ya Dionizi, Bi Ernestine alipiga kiti chake ngumi. Alipofika kwenye kochi, alicheka hadi akaomba maji.

"Ngoja," alisema baada ya kunywa. "Ulivukia wapi?"

"Cincinnati."

"Kisha Columbus?"

"Ndiyo."

"Kisha hapa." Bi Ernestine alitikisa kichwa. "Endelea kusoma. Ruka kurasa tatu."

Goreth akaruka. Dorcas alikuwa amevuka mto ule ule, usiku, kwa mtumbwi, akafichwa Columbus kwenye ghala la nyasi wiki mbili, akafika Buffalo katikati ya theluji. Alikusudia kuvuka aende Kanada, lakini akapata kazi kwa mshonaji mmoja, akampenda mchukuzi wa bandarini, akabaki. Watoto wanane. Sentensi ya mwisho ya ukurasa ule ilisema kwamba siku ya harusi yake Dorcas alicheza hadi kiatu kikapasuka.

"Na wewe," Bi Ernestine alisema, "yule kijana wa viwandani anangoja nini?"

Byamungu alikuwa anangoja kupata ujasiri. Alipoupata, alikwenda kwa Bi Ernestine kuposa, kwa sababu Goreth alimwambia kwamba asiye na wazazi hujichagulia mzazi, na yeye ameshachagua. Byamungu alivaa suti, akaenda na wazee wawili wa kwaya yetu, na Bi Ernestine akawahoji dakika arobaini kuhusu kodi, sigara na mama zao.

Habari za harusi zilifika Louisville, kama zinavyofika. Mwezi wa nne mwaka 2024 simu ya Goreth ililia tukiwa mazoezini. Akaitazama namba, akaweka sauti ya nje ili mimi nisikie.

"Nasikia unaolewa," alisema Yudita, bila hodi. "Sikupata taarifa yoyote. Nani atakaa kiti cha mama? Ni mimi niliyekulea. Nataka gauni la rangi ya dhahabu."

Nilimtazama Goreth.

"Shangazi," alisema, "kiti cha mama kina mtu. Watoto waje, na Baba Ganza aje. Wewe ukitaka kuja, njoo kama mgeni. Utapewa meza, utapewa chakula, hutaguswa."

"Mgeni? Mimi?"

"Ndiyo. Karibu."

Akakata simu. Kisha akaketi chini kwenye zulia la kanisa, na sote tukaketi naye.

Harusi ilikuwa ya Mei, na siku ile hapakuwa na theluji, jambo ambalo hapa hatulichukulii kama la kawaida. Bi Ernestine aliingia kanisani kwenye kiti cha magurudumu kilichopambwa vitenge, amevaa gauni la dhahabu, rangi aliyoichagua mwenyewe baada ya kusikia kisa cha simu. Ukumbini kulikuwa na sombe ya majani ya muhogo, wali, ndizi za nyama, sambusa, na sinia mbili za makaroni ya jibini ambazo Bi Ernestine aliamuru zikae katikati. Spés alikuja na gari zima la watu kutoka Columbus. Alipoanza kupiga vigelegele, mpiga muziki aliondoa mkono kwenye kinanda, akaona bora asubiri.

Nao wa Louisville walikuja. Dionizi alikuwa amebeba kabati la vyombo alilolitengeneza kwa mikono yake, na Ganza, sasa msichana mrefu, alimwangukia bibi harusi akilia kwa Kiingereza na kucheka kwa Kiswahili. Nyuma yao alikuwepo Yudita, gauni la kijani, mkoba umekumbatiwa kifuani. Akapelekwa meza ya sita, pamoja na wafanyakazi wenza wa Byamungu. Akapewa chakula. Akakaa.

Nilikuwa napeleka maji meza ya sita wakati Goreth alipofika pale, akizunguka kusalimia wageni kama ilivyo desturi. Yudita alisimama. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomwaza.

"Umependeza," alisema.

"Asante, shangazi."

Yudita aliutazama ule mkono wa kushoto. Goreth alikuwa amechagua gauni la mikono mifupi. "Nilikuwa nakuonea wivu," Yudita alisema ghafla, kwa sauti ya chini. "Kila aliyeingia nyumbani kwangu alikuwa akiuliza Goreth yuko wapi. Wanangu, mume wangu, wageni. Hakuna aliyeniuliza mimi. Nilitaka nikuone umekuwa kitu kidogo. Mungu anajua sikuwa na sababu nyingine, na hiyo si sababu."

Wale vijana wa kiwandani walikuwa wameacha kula.

"Nimekusikia," Goreth alisema. "Ni kweli ulivyosema, si sababu. Siwezi kukuambia zaidi ya hapo leo. Labda siku nyingine, labda hapana. Lakini umesema mbele ya watu, na nimesikia." Kisha akageukia vijana wa kiwandani, akawauliza kama wameonja makaroni.

Yudita aliketi. Baada ya muda nilimwona anakula. Dionizi aliletewa kiti kando ya Bi Ernestine, wakapiga soga bila lugha ya pamoja, yeye akionyesha jinsi alivyogonga kufuli, Bi Ernestine akiomba arudie.

Ngoma ilipoanza, Spés alimvuta Goreth katikati, Byamungu akafuata kwa ile adabu yake, na baada ya nyimbo mbili adabu ikaisha. Jasho, vitenge, vumbi la sakafu. Kwaya nzima tuliingia. Tulicheza cha Kivu, tukacheza cha Burundi kwa kurusha mikono juu, na Bi Ernestine akafundisha cha kwao akiwa kitini, kwa mabega tu.

Siku hizi Goreth anasomea uuguzi, mara mbili kwa wiki, na bado anaenda kwa Bi Ernestine siku zilizobaki. Ganza alimaliza sekondari mwaka jana, akaomba chuo hapa Buffalo, akakubaliwa. Anakaa chumba cha nyuma kwa Goreth na Byamungu, na anaosha vyombo kwa zamu kama wengine, Jumanne na Ijumaa, huku analalamika. Amejiunga nasi kwenye kwaya. Sauti ya kwanza, na hapo bado tunamfundisha kuvuta pumzi.